Mgeni Asiyesalimia

Vijana wangu wa chumba cha majaribio,

Siku ya kuniaga mlikula pilau, mkapiga picha, mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Nadhani mlisema kwa adabu tu, mkiamini kwamba mstaafu akishapewa kitenge na saa ya ukutani hatashika tena kibodi. Mmekosea. Wajukuu wako shule, kuku wamenizoea hawanishangai tena, na mchana umekuwa mrefu kuliko nilivyoambiwa. Habari za nani alipanda cheo na nani aliruka foleni nawaachia, maana mnazijua kuliko mimi. Nitawaeleza jinsi nilivyoandika jaribio langu la kwanza la kukifanya kivinjari kijiendeshe chenyewe, kwa lugha ya Java, pale Makole, Dodoma. Nina sababu: wiki yangu ya mwisho nilimsikia mmoja wenu akisema lile jaribio la zamani kabisa halieleweki, afadhali lifutwe. Jina lake silitaji. Anajijua.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mpiga chapa serikalini. Miaka ile ilikuwa ya soko huria, na kila kitu kilikuwa ama kinabinafsishwa ama kinapunguzwa. Mimi nilipunguzwa. Leo una meza, kesho ukipita dirishani unaona mezani pako wameweka jagi la maji. Niliuza maandazi kwa kipindi kifupi. Yalikuwa magumu, na watu wa Makole hawana tabia ya kuficha maoni yao kuhusu maandazi. Ndipo nikasikia kwamba Bwana Shabani, aliyewahi kuwa mhasibu idara ya jirani, amefungua kampuni ya kompyuta nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Kampuni ilikuwa na jina refu kuliko chumba chenyewe.

Usaili wangu ulikuwa hivi. Bwana Shabani aliniketisha mbele ya kompyuta, akaniambia nibofye kitufe kimoja kwenye ukurasa. Nikabofya. Hakikutokea kitu. Basi nikaweka mikono mapajani, nikageuka, nikamuuliza habari za nyumbani. Tulipofika kwa mama mkwe wake aliyekuwa na presha, ukurasa ukafunguka.

"Kazi umepata," akasema. "Waliokutangulia wote waliipiga mashine."

Nataka mkumbuke mikono yangu ilivyokuwa mapajani, kwa sababu habari yote inatoka pale.

Kazi yenyewe ilikuwa kujaribu kurasa kabla hazijaenda kwa mteja. Ninajifanya mgeni, najaza jina, nachagua tarehe, nabofya, natazama kama jibu ni lile linalotakiwa. Seva yetu, iliyotunza kurasa zote, ilikuwa kompyuta chakavu chini ya meza, ambayo wakati wa baridi tuliiwekea miguu ili tupate joto. Ilikuwa na kasi ya mtu anayetafuta miwani. Kila ukurasa ulikuwa na muda wake, nami sikuupima kwa saa, niliupima kwa salamu. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, na kwetu salamu si neno moja. Unaanza na mbukwa, unauliza watu wa nyumbani, unakwenda kwa wagonjwa, kisha shamba, kisha ng'ombe, na mvua kama ipo. Ukurasa wa kutafuta chumba ulifunguka nikiwa kwa watu wa nyumbani. Ukurasa wa kuthibitisha ulikuwa mzito zaidi, huo ulifika nikiwa kwa ng'ombe. Yeyote aliyeingia ofisini nikiwa kazini alisalimiwa vizuri sana. Watu walinisifu kwa ukarimu, kumbe nasubiri seva.

Umeme nao ulikuwa na mambo yake. Bwawa la Mtera likishuka maji, mgao unaanza, na mgao ukianza hatufanyi lolote. Kwa hiyo kila aliyeshuka kwenye basi la Iringa tulimuuliza kwanza habari za Mtera, ndipo tukamuuliza habari za safari. Wengine walikwazika.

Sasa niwaeleze habari ya mteja. Mnajua Bunge linapokutana Dodoma inavyokuwa. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyumba za wageni zilikuwa chache na kila kitanda kilikuwa na watu wawili wanaokidai. Mama Ndahani alikuwa na nyumba ya wageni nzuri kule Mkonze, safi, ina maji, ina jogoo mmoja tu. Kikao kilichopita mapokezi yake yaliahidi chumba kimoja kwa wageni wawili wazito, kwa simu mbili tofauti. Wote walifika na mabegi, wote walikuwa na madereva, na hakuna aliyekubali kutangulia kuondoka. Mama Ndahani alilala kwa dada yake ili apate kitanda cha kumpa mmoja wao. Alikuja Makole akiwa bado amenuna.

"Mnitengenezee hicho kitu cha mtandao," alisema. "Lakini sikilizeni vizuri. Siku kitakapowapa watu wawili ufunguo mmoja, nakirudisha, na Dodoma nzima itajua nimekirudisha."

Bwana Shabani alicheka kwa sauti kubwa, jinsi anavyocheka mtu asiye na mteja mwingine. Maana hatukuwa naye. Wawili waliokuwapo walikuwa wamehamishia mambo yao Dar es Salaam. Mama Ndahani akiondoka, chumba kinafungwa, nami nilikuwa nimeshapunguzwa mara moja maishani. Nilijua jinsi inavyokuwa asubuhi unapoamka, unavaa, halafu unakumbuka. Sikuwa tayari kuamka hivyo tena, na maandazi yangu hayakuwa yameboreka.

Mfumo uliandikwa na Yusta. Alikuwa msichana wa Moshi aliyesomea Dar, mdogo kwangu kwa miaka mingi, hodari, na hakuwa na subira hata ya kusubiri chai ipoe. Alikuwa akiunguza ulimi kila siku ya Mungu. Kila aliporekebisha kitu kidogo, mimi nilirudia kujaribu kila kitu kuanzia mwanzo, mgeni kwa mgeni, salamu kwa salamu. Asubuhi moja aliingia, akaweka mkoba chini.

"Shikamoo dada Leah."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Dada, hatutamaliza hivi. Kuna namna ya kuandika programu ya Java ikafungua kivinjari yenyewe, ikajaza jina, ikabofya, ikasoma jibu. Kazi yako ya siku nzima inaimaliza kabla chai haijapoa."

Chai ilikuwa kipimo chake, kama ng'ombe walivyokuwa changu. Lakini mimi nilisikia kitu kimoja tu: kazi yako inaimaliza. Nikamuuliza kwa upole wa uongo kwamba sasa mimi nitakuwa nafanya nini.

"Wewe ndiye utakayeiandika," akasema, kana kwamba ananiambia nikanunue vitumbua.

Nikamwambia mimi mpiga chapa. Akasema vizuri, Java inapenda watu wanaojua kupiga chapa, maana haisamehe nukta wala mabano. Hapo alisema kweli. Mimi nilifundishwa na bibi mmoja mkali aliyekuwa akichana ukurasa mzima kwa ajili ya mkato mmoja, kwa hiyo Java haikunitisha kwa ukali. Ilinitisha kwa maneno mengi. Unataka kusema jambo dogo, lakini kwanza ujitambulishe, useme wewe ni wa aina gani, uko wazi kwa umma au la, hurudishi kitu chochote, ndipo uruhusiwe kusema. Nilimwambia Yusta kwamba lugha hii imewahi kufanya kazi serikalini.

Vifaa vyenyewe alivipakua bure kwenye mtandao, ukikatika anaanza upya, hadi akapata. Kisha akanikalisha. Hakushika kibodi yangu hata mara moja, na hilo namshukuru mpaka leo, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikimwasha. Alinifundisha kuiambia mashine mambo kwa mpangilio: fungua kivinjari, nenda kwenye ukurasa huu, tafuta sehemu ya jina, andika, bofya kitufe, hakikisha maneno fulani yapo. Tukavipa vitendo hivyo majina yetu ya Kiswahili, fungua, andika, bofya, hakikisha. Mgeni wangu wa kwanza nilimwita Juma Jaribio. Maneno ya kuhakikisha yalikuwa "Chumba chako kimehifadhiwa."

Tulipoliendesha mara ya kwanza, kivinjari kilifunguka chenyewe. Herufi zikaanza kujiandika, J, u, m, a, mikono yangu ikiwa mapajani na ya Yusta ikiwa imeshika kikombe. Bwana Shabani alikuwa mlangoni akitokea msikitini.

"Nani anagusa?" akauliza.

"Hakuna anayegusa, Bwana Shabani."

"Astaghfirullah." Akarudi nyuma hatua moja, akachungulia chini ya meza kama kuna mtu. "Na Juma Jaribio ni nani? Amelipa?"

Kabla hatujamjibu, mstari mwekundu ukatokea. Jaribio limefeli, maneno hayakuonekana. Nikafungua ukurasa kwa mkono wangu, nikafanya yale yale, maneno yakaonekana vizuri. Tukaendesha tena, nyekundu. Nikafanya kwa mkono, sawa. Yusta alianza kuitukana mashine kwa Kichaga, lugha nisiyoijua, lakini nilimwelewa.

Mimi ndiye niliyeona, kwa sababu nilikuwa naitazama kama ninavyomtazama mtu. Mashine ilibofya na palepale ikauliza jibu liko wapi. Ukurasa ulikuwa haujafika hata kwa watu wa nyumbani. "Yusta," nikamwambia, "hii mashine haina adabu. Inagonga mlango na kuingia kwa wakati mmoja."

Yusta akacheka mpaka chai ikamwagika. Tukaandika kitendo kingine, cha kusubiri, tukakiita salimia. Ikitakiwa salamu fupi unaandika hivi, ikitakiwa ndefu unaandika hivi, na ile ndefu kuliko zote tuliipa jina la ng'ombe. Kila baada ya bofya tukaweka salimia. Tukaongeza mgeni wa pili, Asha Jaribio, anayetaka chumba kile kile alichochukua Juma, tuone kama mfumo utamkatalia. Juma akabofya, tukasalimia mpaka ng'ombe, Asha akabofya. Mfumo ukamwambia samahani, chumba kimeshachukuliwa. Mstari ukawa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sijawahi kuona kijani kizuri kama kile, na nimeishi Dodoma, mahali ambapo mtu anakijua kijani kwa miezi michache ya mwaka. Bwana Shabani alitununulia soda. Nilikunywa yangu polepole, nikiitazama skrini, nikajiambia kwamba sipunguzwi tena.

Ikafika siku ya kumwonyesha Mama Ndahani. Alikuwa aje baada ya chakula cha mchana, na akiridhika, mfumo unaanza kazi kabla ya kikao. Asubuhi ile Yusta alikuwa akisafisha mambo madogo madogo, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimtazama. Alibofya kitufe. Hakikujibu upesi. Akabofya tena, tena, tena, huku akisonya. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, lakini siku ile kuna kitu kilinigusa. Nikajiuliza: wageni wa Mama Ndahani watakuwa kama nani? Watakuwa kama mimi wa Mvumi, au kama huyu? Ni makatibu wa wakubwa, wako Dar, wamepewa amri ya kupata chumba leo hii, na wote wanaambiwa siku moja. Hakuna hata mmoja atakayemsubiri mwenzake amalize kuuliza habari za ng'ombe.

"Yusta, nataka kuitoa ile salamu katikati ya Juma na Asha."

Akageuka. "Dada, ipo kijani. Leo usiiguse."

"Nataka mgeni asiyesalimia."

"Kesho, dada. Nakuomba. Mama Ndahani anakuja leo."

Sikumsikiliza. Nilijua naweza kuwa naharibu mkate wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikafungua madirisha mawili, la Juma na la Asha. Nikawaandikia wote chumba namba saba, wabofye wakifuatana bila kungoja chochote, na salimia nikaiweka mwisho kabisa, wakati wa kusoma majibu. Nikaendesha.

Juma akaambiwa: Chumba chako kimehifadhiwa. Namba saba. Asha akaambiwa: Chumba chako kimehifadhiwa. Namba saba.

Mstari ukawa mwekundu. Yusta akaweka kikombe mezani bila kunywa. Aliona kosa palepale. Seva iliuliza kwanza kama chumba kiko wazi, halafu ndipo ikaandika jina, na katikati pakawa na mwanya. Kwa kompyuta ya kasi ile, mwanya ulikuwa mpana wa kupitisha wageni na mabegi yao. Miezi yote hatukuuona kwa sababu ofisi yetu ilikuwa na adabu. Kwa mkono, mimi nilimaliza mgeni mmoja ndipo nikaanza mwingine. Na mashine, iliyokuja ikiwa haina adabu, tuliifundisha.

Bwana Shabani alisoma nyuso zetu, hakuhitaji kusoma skrini. "Rudisha ile salamu," akasema kwa sauti ya chini. "Aone kijani, asaini, mengine mtarekebisha jioni."

Na hapo hapo tukasikia, "Hodi humu ndani!"

Mama Ndahani alikuwa amewahi. Alisimama mlangoni na mkoba wake mweusi, na kwenye skrini Juma na Asha walikuwa wamekaa kwenye chumba kimoja bila aibu. Bwana Shabani alinitazama. Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi. Kurudisha mstari mmoja ilikuwa kazi ya kupepesa macho. Nikafikiria maandazi. Nikafikiria pia yule mama kulala kwa dada yake mara ya pili.

"Karibu mama," nikasema. "Umetukuta na kosa. Wageni wawili wamepewa ufunguo mmoja. Lakini si watu, mama, ni wa kubuni, na tumewakamata leo kabla watu hawajafika."

Mama Ndahani akaisogelea skrini, akavaa miwani, akasoma yote mawili. "Hao ndio wale wale," akasema. "Mmewatoa wapi?"

"Nimewaandika mimi."

"Umewapata sawasawa." Akavua miwani, akamtazama Yusta. "Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka mama, nikiachwa kidogo."

Mama Ndahani akatafuta kiti, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Kisha akageuka kwangu, akaniambia kwa Kigogo, "Mbukwa."

Hapo nilitamani kumkumbatia. Kwa Mgogo ile haikuwa salamu tu, alikuwa anatupa muda. Nikaitika, tukaanza. Tukauliza watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Tukaenda kwa wagonjwa, na tulikuwa nao wengi. Nyuma yetu vidole vya Yusta vilikuwa vikikimbia. Tukaingia shambani, tukazungumza uwele, karanga na zabibu za shemeji yake. Umeme ukacheza kidogo, wote tukatazama skrini, ukatulia, Mama Ndahani akauliza habari za Mtera. Tukafika kwa ng'ombe. Tukamaliza ng'ombe wake. Nikaanza wa baba yangu, ambao wengine walikufa nikiwa mtoto.

"Dada," Yusta akasema. "Endesha."

Alikuwa ameiambia seva iulize na kuandika kwa mkupuo mmoja, mlango ukiwa umefungwa, wa pili angoje nje. Nikaendesha. Juma akabofya, Asha akabofya bila hata kupumua. Juma akaambiwa namba saba ni chake. Asha akaambiwa samahani, chumba kimeshachukuliwa, tafadhali chagua kingine. Kijani.

Mama Ndahani alimtazama Asha kwa muda. "Huyu nimempenda," akasema. "Ameambiwa akiwa bado kwao." Akasaini, akakataa soda, akaondoka. Kikao kile alilala kwenye kitanda chake, na alihakikisha kila mwenye nyumba ya wageni Dodoma anajua kwa nini. Ndivyo chumba chetu kimoja kilivyozaa hii ofisi yenu yenye kiyoyozi. Yusta sasa yuko ng'ambo. Akinipigia simu hukata kabla sijamaliza kusalimia, hajapona.

Basi, wewe unayejijua, lile jaribio ndilo hilo. Ndiyo maana lina watu wawili wanaogombea chumba namba saba, na ndiyo maana ndani yake kuna kitendo kinachoitwa salimia ambacho kimewekwa mwisho, mahali ambapo umeona hakina maana. Badilisha lugha, badilisha vifaa, badilisha chochote. Asha umwache hapo alipo, asisubiri mtu.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mmeenda kupanga viti, niliketi kwenye kompyuta yangu nikaliendesha mara moja zaidi. Nikabofya, nikaweka mikono mapajani. Seva zenu za siku hizi hazina mchezo, kijani kilitokea sijafungua mdomo. Sikuwa na cha kusubiri tena. Nikaisalimia mashine hivyo hivyo, taratibu, kuanzia watu wa nyumbani mpaka ng'ombe, ndipo nikaizima.